Ndoano Alizofunga Ardis

Jumatatu, 14 Julai

Kidole gumba: matundu matatu. Ndoano nilizofunga: hakuna. Shindano la kuvua samaki la Ziwa Halvor ni Jumamosi hii, na mimi, Verlyn Haugdahl, ninayeitwa Fundi wa Ndoano na mji mzima, sijui kufunga ndoano.

Naandika humu kwa kuwa humu hasomi mtu. Ardis, mke wangu, ndiye aliyekuwa akizifunga. Miaka kumi na tisa! Ziwa likishaganda alikaa kwenye meza ya jikoni na kopo lake la shanga. Kila ndoano aliipinda shingo kwa koleo, kidogo tu, kisha akaifungia mshipi. Unaivika nusu ya nyungunyungu, unaikokota nyuma ya boti, na yule mdudu anazunguka taratibu kama mtu asiyepata usingizi. Juu yake shanga tano, na juu ya shanga kibamba cha shaba kinachozunguka na kumetameta. Walleye, samaki tunayemvua hapa, ana macho meupe kama kioo, anaona hata kwenye maji ya matope. Akikiona kile kitu hajizuii.

Uongo wala sikuuanza mimi. Mtu wa duka la chambo aliuliza nani kafunga hizi. Ardis akanionyesha kwa kidole, akasema, "Ni huyu hapa," akacheka. Ulikuwa utani. Nilitakiwa kucheka na mimi. Nikasema, "Ni kazi inayotaka subira." Basi, nikawa fundi.

Ardis alifariki Februari. Kwenye kopo imebaki ndoano moja aliyoifunga yeye. Moja tu.

Na Alhamisi, kamati ya shindano inataka niwafundishe watu kufunga, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Aliyependekeza ni jirani yangu Reino Kettula. Mtu huyu wa asili ya Ufini husema maneno kumi kwa siku, na hayo akayatumia kwa hili! Amekuwa wa pili nyuma yangu mara kumi na moja. Ni wazi anataka kuniumbua.

Jumanne, 15 Julai

Mpango: kununua ndoano zilizokwisha fungwa, kuzitoa kwenye karatasi zake, kusema ni zangu. Rahisi. Nimeendesha gari maili arobaini hadi mji ambao hanijui mtu. Kofia nimeivuta hadi kwenye nyusi.

Kwenye foleni, mbele yangu kabisa: Marvel, mdogo wake Ardis.

"Shemeji," akasema, akiangalia kikapu changu. "Fundi mzima unanunua ndoano?"

Nikasema nachunguza kazi za wapinzani. Akasema aha. Marvel akisema aha ni kama daktari anapovua miwani. Kisha akauliza tena kuhusu nguo za dada yake, nitamruhusu lini aje azikunje azipeleke kanisani. Nikasema wiki ijayo. Nimekuwa nikisema wiki ijayo tangu Machi.

Ana macho ya Ardis. Sijui kwa nini sijawahi kuliona hilo miaka yote hii. Nimeziacha ndoano kwenye kaunta nikatoka, nikakaa garini hadi gari lake lilipoondoka.

Jumatano, 16 Julai

Mpango mpya, wa akili kweli! Fundo lililofungwa linaweza kufunguliwa. Linalofunguliwa linaweza kuhesabiwa. Nitaifungua ile ndoano ya mwisho taratibu, nikiandika kila mzunguko, kisha nairudia kinyumenyume.

Nimesafisha meza. Nimeweka taa. Mzunguko wa kwanza, nikaandika. Wa pili, nikaandika. Wa tatu.

Simu ikalia. Binti wa duka la miwani. Sauti changamfu. Akasema miwani ya Bi. Ardis iko tayari tangu Januari, wamejaribu kupiga mara kadhaa, je, atapita lini kuichukua?

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikajisikia nikisema, "Ijumaa. Ijumaa atapita."

Binti akasema vizuri sana, siku njema kwake.

Niliporudi mezani mshipi ulikuwa umejikunjua wenyewe. Ule mshipi mgumu ukiachiwa unarudi kunyooka. Shanga zilikuwa zimebingirika hadi chini ya friji. Nimezipata nne.

Hilo ndilo lililobaki la kazi ya mikono yake, na nimelifungua mimi. Kwa makusudi. Nikiwa na kalamu mkononi.

Sikula chakula cha jioni. Marvel aliniachia bakuli la viazi na nyama ya kuoka mlangoni, limekaa hapo hadi paka wa Reino amelimaliza.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango: bendeji. Nimeufunga mkono wa kulia hadi ukawa kama mkate. Nitasema nimejeruhiwa na mashine ya kukata nyasi. Mtu aliyejeruhiwa hafungi ndoano. Anaelekeza. Na wa kumwelekeza nitamchagua Reino, aharibu yeye, mbele ya watu wote. Nilijipongeza njia nzima.

Watu thelathini ukumbini. Kahawa, keki za malimau. Marvel alinipokea mlangoni, akaushika ule mkono wa bendeji, akautikisa kwa nguvu. "Pole na mkono, shemeji." Nikasema asante. Nilisahau kuugulia.

Nikasimama, nikaeleza habari ya ajali. Nikasema jirani yangu Reino atakuwa mikono yangu leo. Reino akaja, akakaa, akavuta mshipi. Nikafungua mdomo nianze kuelekeza.

Hakungoja. Akaipinda ndoano kwa koleo, kidogo tu. Akauzungusha mshipi shingoni mwa ndoano mara saba, akilaza kila mzunguko kando ya mwenzake kwa ukucha. Akaulowesha kwa mate ili usikwaruzike, akauvuta. Akatia shanga nne za kijani, ya tano nyekundu. Kibamba. Akainyanyua usawa wa macho akaipuliza izunguke, kisha akainamisha kichwa upande wa kushoto.

Ardis alikuwa akiinamisha kichwa hivyohivyo. Upande huohuo.

Nikakaa. Mtu akaniletea maji, wakadhani ni maumivu ya mkono.

Baadaye nilimfuata Reino kwenye maegesho. Nikamuuliza kajifunza wapi. Alikikunja kikombe chake cha karatasi. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kusikia kwake. Akasema mwaka ule Helmi, mke wake, alipolazwa, Ardis alikuwa akienda kukaa nao wodini kila Jumanne. Anachukua kopo la shanga. Anamfundisha Reino kufunga ili mikono yake iwe na la kufanya. Helmi aliwaangalia. Ilimfurahisha hadi mwisho.

Mimi nilikuwa nikiambiwa Jumanne ni mazoezi ya kwaya.

Nikamuuliza, basi miaka yote hii ulijua?

"Nilijua."

Mbona hukusema?

"Alinikataza. Alisema, 'Mwachie Verlyn sifa hii. Hana nyingine.'"

Marvel alikuwa amesimama nyuma yetu na sahani ya keki. Akasema, "Shemeji, dada yangu alikuwa na matundu ya ndoano kwenye vidole miaka kumi na tisa. Wewe hukuwa nayo hata moja. Ulidhani sisi wote vipofu?"

Nikauliza nani mwingine anajua. Akageuka akauangalia ukumbi. Watu wote thelathini walikuwa wakiosha vikombe.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda kuichukua miwani. Yule binti akauliza Bi. Ardis hajambo. Nikasema hajambo, ana shughuli tu. Akasema mwambie akiiona inambana airudishe. Nikasema nitamwambia.

Nyumbani nikaivaa. Sijui kwa nini. Jikoni kote kukawa ukungu, lakini meza, chini ya pua yangu, ikawa wazi kabisa. Nikaona kila mkwaruzo. Nikaona ncha ya mshipi, na tundu la ndoano. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa mabovu muda wote! Ardis aliniambia mara mia nikapimwe.

Nikafunga. Mizunguko saba. Imekaa kombokombo, lakini imekaa. Nikaitundika kwenye kalenda nikaiangalia saa nzima. Nikamwita Ardis, kwa sauti, aje aone. Nilishafika mlango wa sebule ndipo nikakumbuka.

Nimeamua. Kesho baada ya shindano nitasimama mbele ya watu niseme kweli. Nimeandika hotuba. Kurasa mbili. Nimeisoma mbele ya kioo, nikalia mahali panapofaa. Watu watasema: Verlyn, mtu mkweli, mtu mkubwa. Pengine watanipa kikombe cha uungwana. Kikombe hicho hakipo, lakini wanaweza kukianzisha.

Jumamosi, 19 Julai

Upepo wa kusini, maji yamechafuka kidogo, siku ya walleye. Boti nyingine zote zina watu wawili wawili. Kwenye yangu, mto wa Ardis wa kukalia upo kitini. Sikuutoa.

Reino alisogeza boti yake, akanirushia kifurushi: ndoano mbili alizofunga. Nikamrudishia. Nikasema ninazo zangu. Akainua nyusi, ndiyo hotuba yake.

Nimevika nyungunyungu, nimeshusha chubwi ya kuzamisha mshipi, nimekokota kwa mwendo wa mtu anayesukuma kigari cha mtoto. Nikavuta nione. Anazunguka! Si sana, ana kama kilema, lakini anazunguka!

Saa nne kasoro, mshipi ukanyamaza. Walleye hagongi, anakaa tu juu ya chambo kama tope. Nikangoja, nikahesabu kumi kama Ardis alivyonihesabia siku zote kwa sauti ya chini. Nikavuta. Mzito! Dakika nane. Akaja juu kando ya boti, mgongo wa dhahabu, jicho jeupe likinitazama. Mkubwa kuliko wote niliowahi kushika. Nikanyoosha mkono kuchukua wavu, na wavu huwa anashika Ardis. Haukuwepo. Uko ukutani kwenye karakana, kwenye msumari wake.

Nikajaribu kumnyanyua kwa mshipi. Fundo likateleza. Mizunguko yote saba, mmoja mmoja. Niliiona ikifunguka.

Akabaki pale juu ya maji kidogo, kama asiyeamini. Kisha akazama, na ndoano yangu ya pekee mdomoni. Nimekaa nikiyaangalia maji hadi honi ya kumaliza.

Reino ameshinda. Inchi ishirini na nane. Wakamwita jukwaani aseme machache, watu wakacheka, maana Reino hasemi. Mimi nilikuwa nimeshasimama, kurasa mbili mkononi, nikingoja zamu yangu ya kukiri.

Reino akashika kipaza sauti. Akasema, "Ndoano hii ni ufundi wa Ardis Haugdahl. Zote zilikuwa zake. Ile ya jirani yangu leo aliifunga mwenyewe, na samaki aliyempoteza alikuwa mkubwa kuliko wangu. Nilimwona." Akashuka.

Hata kukiri kwangu kaniwahi!

Watu wakasimama, wote, wakampigia makofi Ardis. Muda mrefu sana. Marvel akanishika mkono. Hotuba ilikuwa imelowa, nikaitia mfukoni. Nilipiga makofi kama wengine, na nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kumpigia.

Jumanne, 22 Julai

Marvel amekuja kuchukua nguo. Tumekunja pamoja. Sweta la bluu nimelibakiza. Hakusema aha.

Kabla ya kuondoka aliniambia nimekuwa mtu mwingine wiki hii, dada yake angefurahi. Nikasema kweli, uongo unachosha, sitaurudia. Nilimaanisha kila neno. Tulikumbatiana.

Kisha nikashuka chumba cha chini kutafuta masanduku, na nyuma ya tangi la maji ya moto nikakuta chupa nne. Achari ya matango, yenye majani ya shibiti na kitunguu saumu. Za Agosti iliyopita. Za mwisho alizotia Ardis. Kila Agosti tangu tuoane, miaka arobaini na moja, nyumba hii ilinuka siki wiki nzima, nami nilikuwa nikilalamika.

Nimefungua moja. Nimekula matango mawili nimesimama gizani.

Maonyesho ya kaunti ni wiki tatu zijazo. Kuna kundi la achari. Tuzo ni utepe wa zambarau. Wanahitaji chupa tatu, na ninazo tatu! Lebo zenye mwandiko wake zinatoka vizuri kwa maji ya moto. Nimezikausha, nimezibandika kwenye ukurasa unaofuata. Reino hali achari, na Marvel siku hizo atakuwa kwa binti yake mjini Duluth. Nimeangalia kalenda mara mbili.

Fomu nimeijaza. Jina la mtengenezaji: Verlyn Haugdahl. Wanauliza pia, umekuwa ukitengeneza kwa miaka mingapi?

Nimeandika arobaini na moja.