Uzinduzi wa Ukumbi wa Picha za Mvua, Mbalibali

Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi aliyepata udhuru. Mheshimiwa aliyemsindikiza Mheshimiwa huyo. Wazee wa mila, shikamooni. Viongozi wa dini zote. Wataalamu kutoka Mugumu. Walimu, wauguzi, na ninyi wananchi mliosimama kwa kuwa viti ni vya itifaki: mimi, Ofisa Kornelio, nawasalimu. (Makofi. Sisi vibarua tulishaambiwa tupige.)

Leo, kufuatia mchakato shirikishi, endelevu na wa kidijitali, nazindua Ukumbi wa Picha za Mvua, yaani picha ndogo za kuchorwa za Kihindi, injini mpya ya utalii, kwani utafiti nilioufanya mwenyewe unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya watalii, wakishamwona simba, huuliza, "Sasa picha za masika ya India ziko wapi?" (Minong'ono.) Tazameni sampuli hii. Mwanamke yuko roshani, wingu limekuwa jeusi, tausi wanalia, umeme unamulika, naye anamngoja mpenzi wake Krishna, yule wa bluu.

(Mzee Waitara: "Anaumwa?")

Haumwi, mzee, ni Mungu wao! Wachoraji walimpa rangi ya wingu la mvua makusudi, maana kwao roho humtamani Mungu kama ardhi kavu inavyotamani mvua. Hiyo ndiyo konsepti.

(Bibi Boke, ambaye shamba lake lilichukuliwa kwa ajili ya ukumbi: "Mura, kijana wangu, huyo mwenzangu namwelewa sana. Ila shamba lake hamjalizungushia uzio. Wingu lile linakuja, mtama nipande wapi?" Vicheko.)

Bibi, shikamoo, fidibeki yako itapokelewa na kamati. Ndani ya ukumbi huu wa kisasa, wenye viyoyozi na bustani ya tausi... (Matone yakaanza.) Msihofu! Kwa kuzingatia itifaki, wote tuingie ukumbini!

(Tukageuka. Palikuwa na uzio, utepe mwekundu langoni, na nyasi tu.)

Naam. Katika awamu hii tumekamilisha utepe. Mvua, upendo! Tausi, maendeleo! (Dereva wake peke yake akaitikia.) Nawashukuru vibarua waliotoka mbali, kwa kuyangoja matofali kwa uzalendo, namshukuru fundi, popote alipo, na kwa namna ya pekee Bibi Boke, kwa kutoa shamba ambapo ukumbi huu ungesimama, endapo ungekuwepo. Ahsanteni.

(Akakata utepe, akakimbilia gari. Lango likabaki wazi. Bibi Boke akaingia wa kwanza, jembe begani, mbegu kwenye kanga. Sisi tukamfuata kumsaidia kupanda, ndiyo kazi ya kwanza tuliyopata tangu tufike.

"Mura," akamwita Ofisa aliyekwishapandisha kioo cha gari, "hapo sasa umezindua.")