Orodha ya Chochote

Jumatatu, 4 Machi
Bosi ametangaza. Ijumaa, mfumo wa kompyuta utakaomridhisha mteja wetu, mwenye duka la samani, ndio utakaompa mwandishi wake uongozi wa timu. Tunashindana wawili: mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Maskini! Anaandika programu ya orodha ya viti, halafu ya meza, halafu ya vitanda, moja moja, kama anachambua mchele. Mimi naandika orodha moja tu. Orodha ya Chochote! Programu ikishawaka itajikagua yenyewe, ione ina aina gani za vitu, ijitengenezee orodha zake. Mimi huyo, nakunywa chai.

Jumanne, 5 Machi
Nimemweleza mke wangu mpango wote. Kasema nimfundishe na kaka yake. Kweli damu nzito kuliko maji.

Jumatano, 6 Machi
Mashine imegoma. Orodha ya Chochote haitengenezeki mpaka iambiwe ni orodha ya nini. Ukaidi huo! Shemeji kapita nyuma yangu, akashauri kwa ule upole wake wa kuudhi kwamba kila orodha niipe kwanza aina yake hasa: kiti, au meza. Nani kamuuliza? Nimejaza "Kitu". Kila kitu si ni kitu? Imekubali palepale. Akili ni nywele, na za shemeji zimeanza kupungua.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya maonyesho. Mwenye duka kafungua mfumo wangu, kabonyeza "Bidhaa". Viti vikatokea. Nikamtazama shemeji kwa huruma. Vikaja vitanda. Wakaja wafanyakazi wa duka, maana nao wamo kwenye mfumo, na kwa mashine nao ni "Kitu". Akaja mwenye duka mwenyewe, na picha yake, kati ya kabati na stuli. Chini yake imeandikwa: Yupo stoo. Punguzo, nusu bei.

Mwenye duka akasogelea skrini. Akauliza taratibu, "Na mke wangu?"

Nikamfungulia ukurasa wa pili. Ameshanunuliwa.

Jumatatu, 11 Machi
Shemeji ndiye kiongozi. Bosi alitaka kunifukuza, yeye akaniombea. Mke wangu kaniamuru nimshukuru. Nimeshukuru, roho ikiniuma kama jino bovu.

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nimelipata. Ni lile punguzo! Mtu mzima na heshima zake, nusu bei, nani asingekasirika? Kesho naenda dukani kumpa habari njema: nimemrudisha kwenye bei kamili.