Nirudishiwe Programu Yangu ya Sukari

Kwa Daktari Mkuu wa Zahanati,

Kuhusu: KUPEWA MBILI KWA KUMI MTU MZIMA KAMA MIMI

Mheshimiwa Daktari, shikamoo, ingawa nadhani nimekuzidi umri. Mimi ni yule mgonjwa wa sukari, fundi redio, niliyewahi kutengeneza redio kwa uma wa kulia ikashika taarifa ya habari ya kesho yake. Mtu wa namna hiyo, Jumanne iliyopita, nesi wako kampima kama anaweza kutumia ile programu ya simu ya wagonjwa, akampa mbili kwa kumi. Nalalamika hivi:

1. Programu ilisema nibonyeze panapouma. Nikabonyeza goti langu mpaka likalia. Nesi akaandika sifuri, eti ningebonyeza goti la yule mtu aliyechorwa kwenye simu. Daktari, yule haumwi. Nilimtazama vizuri, anatabasamu.

2. Nikaambiwa niandike neno la siri. Nikakataa. Sifuri tena. Majambazi wangenining'iniza miguu juu nisingelitoa. Nilitoe kwa nesi?

3. Kwa sifuri hizo, programu imehamishiwa simu ya mpwa wangu, fundi cherehani, niliyemfundisha mimi kufunga kamba za viatu. Sasa kila asubuhi ananiuliza mbele ya wateja: "Mjomba, umekojoa mara ngapi?" Juzi mteja mmoja alikisia. Akapatia. Sukari nimekataa kumtajia. Hiyo ni yangu na programu.

4. Nilipokuwa nayo mwenyewe, wiki tatu, kila asubuhi iliuliza sukari yangu ya leo. Najaza tatu, bila kukosa, bila uongo. Inajibu iko chini, nile kitu kitamu upesi. Nakula biskuti, nashushia soda, na mpaka leo sijaacha. Mgonjwa gani mwingine ana utii huo?

5. Kwa hiyo irudi mkononi mwangu, nipewe na cheti, halafu nesi nimpime mimi. Wazee wanne wenye sukari wa pale kwa kinyozi nimeshawafundisha kujaza programu zao, bure, na hakuna aliyelalamika.

Nisalimie nesi, mlinzi wa getini, na mama wa dirisha la dawa.

Wako mwenye kiu ya haki, na siku hizi ya maji pia,

Mjomba Fundi Redio

Nyongeza: Nimemsomea mpwa wangu barua hii. Kufika namba nne akasimamisha cherehani, akauliza ile tatu naitoa wapi. Nikamwambia, vijiko vya chai yangu, kwani kuna sukari gani nyingine? Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akanitoboa kidole kwa kile kimashine ulichonipa, nilichokitunza kwenye boksi kisikwaruzike. Kikaandika HI. Nikaitikia salamu. Kumbe maana yake sukari ya damu imepanda mpaka mashine imekosa namba ya kuiandikia.

Tuko kwenye benchi nje ya mlango wako. Simu abaki nayo yeye. Ila tuma mtu kwa kinyozi upesi: mzee mmoja anaweka vijiko sita, na programu imekuwa ikimpongeza.