Nyayo Zisizotoka Chumba cha Mashine

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu amebakiwa na siku tano tu za majaribio. Ijumaa meneja anaamua: ama aajiriwe ufundi wa kompyuta hapa ofisini, ama arudi nyumbani. Mimi mfagizi wa jengo hilihili, nimemwombea nafasi hii miaka miwili! Amepewa awashe programu ya kuchunga mtandao, inayoonyesha mashine ipi nzima, ipi imezimika. Haiwaki. Inaandika kuna faili la maktaba halionekani. Nikauliza maktaba tena ya nini. Akasema humo programu huazima kazi isizojua kuzifanya yenyewe. Sijaelewa. Ila kitu hakipotei chenyewe. Hapa kuna mkono wa mtu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemjua! Fundi mkuu. Tunamwita Bwana Mluzi, maana mluzi wake hufika koridoni kabla yake. Leo kamwambia binti yangu mbele za watu kwamba hii si saluni. Nikatabasamu na ndoo yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.
Binti amelirudisha faili mara mbili. Analiona kwa macho yake, programu inasema halipo. Lipo na halipo! 

Jumatano, 6 Machi
Nimetega mtego. Ufunguo wa chumba cha mashine tunao wawili, mimi na Bwana Mluzi. Nikaingia kabla ya watu. Hakina dirisha, baridi ya kaburi, vitaa vya kijani kwenye makabati ya mashine vinakukonyeza. Feni zinahema. Nikibana pumzi, nahisi nacho kimebana, kinanisikiliza.
Nikamwaga kopo zima la poda sakafuni. Akiingia mwizi, nyayo zitamsema. Kifuniko kikabingirika hadi kabati la mwisho, nikaingia kukiokota, nikatoka kinyumenyume kama nipigavyo deki siku zote. Nikafunga mlango.
Bwana Mluzi hakuja kazini. Jino, wanasema. Jino!

Alhamisi, 7 Machi
Mungu wangu. Nimefungua mlango, nyayo hizi hapa! Mistari miwili, yote imeelekea ndani hadi kabati la mwisho. Hakuna hata unyayo mmoja unaotoka. Wameingia wawili na bado wamo!
Kisha nikausikia. Mluzi. Mwembamba, mrefu, kutoka kabati la mwisho. Na Bwana Mluzi bado yuko kwao anauguza jino.
Ndoo nimeiacha hukohuko. Nimefika ghorofa ya tatu sijui kwa miguu ya nani.
Nikamwambia binti. Hanisikii, anacheka peke yake. Ati faili lilikuwepo siku zote, ila programu ilikuwa ikilitafuta kwenye folda ya zamani. Kaielekeza kwenye folda mpya, imewaka. Sikumwambia kwamba furaha nyingine huwa na mwenyewe, na huja kuidai.

Ijumaa, 8 Machi
Meneja kasimama mbele ya skrini. Doti zote kijani. Bwana Mluzi amerudi, shavu limevimba, anangoja tu aanguke mtu. Mara doti moja ikawa nyekundu. Kabati la mwisho! Programu inapiga kelele kwamba mashine inapata joto. Bwana Mluzi akasema si alisema? Moyo wangu ukaanguka ndooni.
Binti akakimbia, akafungua kabati. Feni imejaa poda, imekabwa, inapiga mluzi. Akaisafisha, doti ikarudi kijani. Meneja akasema bila programu hii mashine ingeungua na pasingekuwa na mtu wa kujua. Ameajiriwa! Nimelia hadharani, nimejifutia tambara la deki.
Kisha binti akaniita pembeni. Akanionyesha nyayo mbele ya kabati, kisigino cha kushoto kimekatika kipande. Akauliza, mama, hizi si ndala zako? Nikainama. Zangu kabisa! Nikashika ukuta. Nikamwambia, mwanangu, ndilo hilo la kutisha: wanavaa ndala zangu.
Akajishika kichwa. Akaniapisha nisimwage tena poda humo maisha yangu yote. Nimeapa, mama nifanyeje.
Ndala nimezifungia sandukuni. Jumatatu naingia peku, tuone watavaa nini. Na nitamwaga unga wa ngano. Huo hakuutaja.