Mezani Hakubaki Mwiba

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa sita huu. Kitabu cha Chakula cha Taifa kinakaribia kuandikwa, na ukurasa wa kwanza, kama kawaida, utakuwa wa nyama. Ndio utaratibu wa ofisi: dawati lenye protini nyingi kwa kila mwananchi kwa siku ndilo linalofungua kitabu. Nyama, gramu sita na nusu. Samaki wangu wa baharini, gramu tatu na ushee. Bwana Nyama, jirani yangu wa dawati, amenipa pole mapema. Akaniuliza kama samaki wangu wameshajifunza kutembea. Ofisi nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

Bahari yote ile, halafu niwe wa pili! Haikubaliki.

Jumatano, 5 Machi

Nimemgundua adui. Si Bwana Nyama. Ni miiba! Samaki anapimwa mzima bandarini, kisha ofisi inaondoa nusu ya uzito wake: kichwa, matumbo, magamba, miiba. Nusu nzima! Nimefukua majalada kutafuta nani alisema. Kumbe miaka ishirini iliyopita watu kumi walipewa samaki waliopimwa, wakala, na yaliyobaki sahanini yakapimwa. Wote walikuwa makarani. Watu wa kudonoadonoa, wanaogopa kukwamwa.

Nimeomba jaribio lirudiwe. Mkurugenzi amekubali, akasifu bidii yangu. Walaji nitawachagua mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Wa kwanza kumwandika alikuwa mama mkwe. Tangu nioe sijaona mwiba ukimponyoka. Wengine tisa ni wapakiaji wa ghalani, niliowaomba wasile chochote tangu jana. Jambo zito, lilihitaji watu wazito.

Mama mkwe alimaliza kichwa, macho na yote, akamuuliza mpakiaji wa pembeni kama ule mkia ana mpango nao. Paka wa ofisi alipita chini ya meza mara mbili. Sikumwandika, si mlaji rasmi. Masalio ya watu kumi yalienea kwenye kikombe cha chai.

Hesabu mpya: gramu sita na robo tatu. Nimeirudia mara nne, kwa raha tu.

Jumatano, 19 Machi

Kitabu kimetoka. Ukurasa wa kwanza, samaki! Nimehamishiwa dawati la dirishani. Bwana Nyama alinipa mkono bila kunitazama usoni. Nimevimba kichwa, nakiri, na kwa leo kina haki ya kuvimba.

Jumatatu, 24 Machi

Siku mbaya. Nilipita kwa dada yangu mkubwa, yeye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ni mpishi wa shule ya msingi. Mara mbili kwa wiki serikali ilikuwa inawaletea samaki, kwa sababu kitabu kilionyesha watu hawapati wa kutosha. Sasa imekuja barua kwamba wanapata. Kwa hiyo samaki basi.

Dada alisema kabla ya mpango ule watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanalala juu ya madawati ikifika saa nne. Anaogopa wataanza tena. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisini, nani kapiga hesabu hiyo. Nikajibu kwamba ni mambo ya kitaalamu. Akasema hewala, basi niwaambie hao wataalamu waje wamtazame machoni yule binti anayerudi na sahani kuomba tena.

Niliona haya hadi masikio yakawa ya moto. Naandika hapa kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Lazima nirekebishe. Kukiri mbele ya Mkurugenzi ndiyo njia fupi, lakini kuna suala la dirisha. Nimepata njia bora.

Jumanne, 25 Machi

Nimeandika barua bila jina, kwa mkono wa kushoto. Saini: Mwananchi Mwenye Uchungu. Nimesema raia wa kawaida hatafuni miiba, hesabu irudishwe ya zamani. Ili isijulikane kwamba imetoka ofisini kwetu nimeongeza kwamba mtaalamu wenu wa samaki hajui kichwa wala mkia. Nimeiingiza mwenyewe kwenye sanduku la maoni.

Alhamisi, 27 Machi

Mkurugenzi kaniita. Barua ilikuwa mezani kwake. Kumbe hakunishuku hata kidogo! Alisema lazima ijibiwe na mtu anayejua samaki, yaani mimi. Nikiona mwandishi ana haki, niandike hivyo, na samaki watarudi shuleni wiki ijayo.

Mstari mmoja tu ulihitajika. Nilikaa, nikashika kalamu. Nikaisoma tena barua. Hajui kichwa wala mkia? Mimi? Miaka sita nakokotoa samaki! Huyu anajiona nani?

Nilimjibu kurasa nne. Nilipofika ya tatu nilikuwa nimeshasahau Mwananchi Mwenye Uchungu ni nani. Nilimvua nguo aya kwa aya. Mkurugenzi amesoma, akapiga meza kwa furaha, akaagiza nakala zipelekwe shule zote, na saini yangu chini.

Nimekumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani. Nilisimama katikati ya barabara hadi nikapigiwa honi.

Jumanne, 1 Aprili

Dada alikuja ofisini. Hakugomba. Heri angegomba. Aliweka nakala yangu mezani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja. Akasema alikuwa amewatuliza walimu wote wasiwe na wasiwasi, ana mdogo wake huko juu, atalishughulikia. Leo mwalimu mkuu amemsomea saini mbele yao. Akasema pia yule binti wa sahani alianguka mstarini asubuhi. Kisha akaniaga kwa adabu, kama anavyoagwa mgeni.

Nililia chooni. Bwana Nyama alikuwa anagonga mlango, anataka kuingia.

Ijumaa, 4 Aprili

Mungu hamtupi mja wake! Mkurugenzi, kwa ile barua yangu, ameniongezea dawati la mayai. Tena kuna mpango: shule zitaletewa mayai, mradi hesabu ionyeshe kwamba watu hawayapati ya kutosha. Hesabu hiyo naipiga mimi! Nimeapa kwa jina la marehemu mama. Safari hii ni haki tupu, watoto wapate, dada anitazame tena.

Mchana Bwana Nyama kapita, kauliza mayai yana gramu ngapi. Nikamwambia moja na robo. Akasema si kitu, aliyezoea mkiani hapotei njia.

Fundi bomba wa ofisini anasema anaweza kula yai na ganda lake. Nimemwandika wa kwanza.