Taa Nyekundu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza maisha mapya. Shangazi amenipa chumba cha nyuma pale kliniki kwake, wanakokuja watu kukandwa na kupumzisha miili. Muda wangu ni hadi Jumamosi. Nikimwonyesha tiba inayofaa, chumba ni changu. Nikishindwa, kinakwenda kwa mkandaji, anayekitaka kwa ajili ya beseni lake la kuloweka miguu. Shangazi alisema hii ni nafasi ya mwisho. Alisema hivyo mwaka jana pia, ila safari hii hakucheka.

Tiba yangu: mwanga mwekundu. Nimesoma kwenye simu. Eti unalainisha ngozi, unatuliza magoti, unaotesha nywele. Nina upara, kwa hiyo mfano hai ninao. Kilichobaki ni taa tu.

Jumanne, 4 Machi

Taa imepatikana. Kumbe ilikuwa nyumbani siku zote, jikoni, ikining'inia juu ya boksi la vifaranga wa shemeji. Nyekundu kabisa! Shemeji ni mke wa kaka yangu, nami nakaa kwao. Amekwenda kumtazama mama yake mpaka Jumamosi jioni, akaniachia vifaranga arobaini na agizo moja: wasipigwe baridi.

Nimefikiri kwa makini. Taa ikienda kliniki, vifaranga nao waende kliniki. Boksi limeingia chini ya kitanda cha wagonjwa utadhani lilipimwa. Kuna siku akili yangu hunitisha mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza kujitibu mimi. Nusu ya upara tu, upande wa kushoto, ili wateja waone tofauti. Nikasinzia. Tofauti inaonekana. Upande wa kushoto umeiva, hata kofia siwezi kuvaa. Mkandaji alinitazama kwa jicho la pembe, akauliza kama nimelalia pasi. Nikamwambia hiyo ni damu inatembea. Wivu tu.

Mchana, mteja wa kwanza. Mwalimu mstaafu, mama mwenye magoti mabovu na sauti ya kunyamazisha darasa zima. Hapo ndipo nikagundua dosari ndogo: taa ni moja, wagonjwa ni arobaini na mmoja. Nikimmulika mwalimu, vifaranga wanaona baridi na kulia. Akauliza ni kelele gani hizo. Nikasema ni ndege wa msituni, nimewarekodi kwa ajili ya tiba. Polepole nikashusha taa chini ya kitanda. Wakanyamaza. Mwalimu akauliza mbona magoti yamepoa. Nikasema sasa mwanga unapandia kwa chini, ndio utaalamu wenyewe. Nikapandisha taa. Wakalia. Nikashusha. Saa nzima nainama na kuinuka. Mwalimu kapata usingizi wa pono, mimi nimepata mgongo.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu amerudi kwa hiari yake. Shangazi amemwona, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kesho atalala kitandani yeye mwenyewe ndipo aamue. Mkandaji alipita akinusa, akauliza mbona chumba kinanuka banda. Nikasema ni mitishamba. Nimelala chali nikipanga rangi ya mapazia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeumbuka.

Shangazi alilala, kitambaa machoni. Vifaranga walilia. Nikashusha taa. Ikapita dakika moja ya amani, nzuri kuliko zote za wiki hii. Kisha mkandaji akafungua mlango bila kubisha, beseni mkononi, aje kupima kama litaenea. Nikaruka kumzuia. Mguu wangu ukapiga boksi. Arobaini wote nje! Mmoja akapanda kifuani kwa shangazi, akatulia hapo kama mwenye miadi.

Shangazi alitoa kitambaa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Aliinama chini ya kitanda, akagusa boksi, akasema lina joto la kuua, kwamba niliwawekea vifaranga taa puani na maji sikuwapa ya kutosha. Alifuga kuku miaka mingi, sikujua. Tulipiga magoti watatu tukawaokota, mkandaji akiwahesabu kwa sauti. Wametimia. Shangazi akaja nao mwenyewe nyumbani, akaitundika taa inapostahili. Mlangoni aliniambia kwamba alitamani sana nifanikiwe. Nilitaka ardhi ipasuke. Beseni limeshaingia chumba cha nyuma.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alirudi jana jioni. Kaambiwa kila kitu. Amenisema mpaka kaka akatoka kwenda kununua chumvi ambayo tunayo. Hasira zilipopoa, akawatazama vifaranga, akakiri kwamba wamenawiri. Kwa hiyo mwanga mwekundu unatibu. Tatizo lilikuwa saizi ya wagonjwa.

Halafu mwalimu amepiga simu. Magoti bado yanauma vilevile. Ila tangu azaliwe hajalala vizuri kama pale kitandani kwangu, na anauliza kama ile sauti ya ndege anaweza kuipata bila taa.

Bila taa! Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi. Jumatano shemeji analetewa vifaranga wengine mia. Ameniapisha mbele ya kaka kwamba taa yake sitaigusa tena maishani, nami nimeapa kwa moyo safi. Kuhusu vifaranga hakusema kitu.