Fimbo ya Marehemu Magesa

Jumatano, 11 Juni 2025
Jumamosi klabu yetu ya mazingira, hapa Makoko, inatembea kwenye ardhioevu. Mara ya kwanza bila Magesa. Mjane wake, Hyasinta, katangaza: atakayetufikisha kwenye jiwe alipopenda kukaa marehemu, ndiye atapewa fimbo yake na uongozi wa matembezi. Fredi akanyoosha mkono. Fredi, asiyejua korongo wala bata! Nikasimama, nikasema njia ile naipita hata nikifumba macho.

Ukweli nauandika hapa tu. Miaka tisa nilikuwaga nyuma ya Magesa, nikipiga soga. Ninachokijua ni kisogo chake.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwomba Pastory mvuvi anipeleke kwa siri. Kila kona nimefunga fundo kwenye mafunjo. Pastory akauliza kama siku hizi nasuka majamvi. Nikamjibu huu ni utafiti. Akatangulia mbele. Mtu asiyesoma ana shida.

Jumamosi, 14 Juni
Aibu. Mafundo kila mahali! Wasuka majamvi wanakata mafunjo Jumatatu, na kila mmoja kafungia fundo sehemu yake, isiguswe na mwenzake. Hapa kwetu hata mtoto anajua hilo. Mama yangu mzazi alisuka majamvi hadi anakufa! Nimekata kona kwenye kila fundo, watu kumi na wawili nyuma yangu. Tope magotini. Fredi akauliza kwa upole kama jiwe linahamaga. Hyasinta akajifuta tope tu, na hilo ndilo limeniuma.

Tukamtokea Jeska, msuka majamvi, anakagua sehemu yake. Katufikisha kwa dakika kumi. Hyasinta akakaa kwenye jiwe, akalia. Nami nikalia, mbele ya Fredi. Kisha fimbo akampa Jeska. Jeska akaipokea kwa mikono miwili, akasema taratibu:

"Marehemu naye njia ilikuwaga inampotea. Kila mwaka, siku moja kabla, alikuwa anakuja nimwonyeshe."

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa Jeska kaniita. Akasema mwakani nimfuate mapema, atanipitisha kama alivyompitisha Magesa. Nikashukuru, nikakataa. Njia naijua, ni mafundo ya watu tu yalinichanganya.

Nikaenda kwa Samia, fundi cherehani, kutafuta vitambaa vyekundu vya kufunga badala ya mafundo. Akanionya vimebaki vichache: wasuka majamvi wamebeba vingi jana, wamechoka kuchanganyiwa mafundo yao. Nimechukua vyote vilivyobaki. Kama hata wao wamevikubali, basi ni vitambaa imara.